Mcheza kwao hutunzwa, je kwao kukifungwa?

Nilifika kwenye mji mmoja mdogo kusini mwa Indiana, Marekani, mwezi wa 11 mwaka 2006 nikiwa na miaka 16. Mama alikuwa ametangulia miaka mitatu nyuma, anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kitu cha kwanza alichonionyesha tulivyoacha barabara kubwa sio nyumba tuliyopanga wala duka, ni jengo la matofali lenye paa la mviringo, akasema lile pale ndo jimu ya shule yako, wanachezea basketi mle. Nilidhani ni ghala la nafaka. Lilikuwa kubwa kupita kanisa lolote la pale, kubwa kupita hata shule yenyewe, na baadae nikaja kuambiwa viti vyake ni vingi kuliko watu wa mji wote ukiwajumlisha na vichanga.

Ijumaa ile ile tukaenda kuangalia gemu. Nje baridi inachoma masikio, mashamba yameshavunwa yamebaki mabua tu, giza limeingia mapema na magari yamepangana mpaka kwenye nyasi za kanisa la jirani. Mlangoni kuna mama wa makamo na kiboksi chake cha bati cha chenji anakugonga muhuri mkononi, ndani harufu ya bisi imechanganyika na nta ya sakafu, bendi ya shule inapiga tarumbeta mpaka kifua kinatetemeka, na wazee wamekaa kila mtu na mto wake wa kukalia, sehemu zile zile ambazo nilikuja kugundua wanakaa miaka yote, na mmoja akifariki kiti chake kinaachwa wazi msimu mzima bila mtu kuambiwa. Mama akanisogelea akaniambia, "Baba, ukitaka kuwajua watu wa hapa anzia humu, kanisani utawakuta wamenyamaza."

Nilichezea timu ya shule misimu miwili, muda mwingi nikitokea benchi. Nakumbuka zaidi vitu vidogo. Ile fagio pana ya kusukuma vumbi kabla ya mazoezi, tulikuwa tunapokezana, unaanzia chini ya goli moja unaenda mpaka la pili bila kunyanyua, ukinyanyua katikati kochi anakurudisha mwanzo. Basi la shule usiku wa theluji tukirudi kutoka ugenini, hakuna anayeongea kama tumefungwa, na tukifika mjini mzee wa kituo cha mafuta ameacha taa zinawaka ingawa alishafunga, ili tuone pa kushukia. Na ile kwamba kesho yake Jumamosi asubuhi mtu nisiyemjua kabisa ananisimamisha njiani kuniambia nikae chini zaidi nikiwa nakaba, miguu imesimama sana. Mji mzima ulikuwa kochi.

Sasa mtu yeyote aliyekaa Indiana anajua ukishaanza maneno haya na watu wa umri fulani lazima mfike kwenye mwaka 1997, na hapo ndo nna neno langu. Kwa wasiojua, toka mwaka 1911 jimbo lile lilikuwa na mashindano mamoja ya basketi ya wavulana wa sekondari, shule zote ndani ya kapu moja, shule ya watoto 90 inaweza kupangiwa shule ya watoto 2,000, hakuna daraja, ukifungwa mara moja umetoka, mnaanza na majirani zenu mnapanda ngazi mpaka Indianapolis. Mwaka 1996 wakuu wa shule wakapitisha kwa kura kwamba msimu wa 1997-98 mashindano yagawanywe madaraja manne kwa idadi ya wanafunzi, mabingwa wanne badala ya mmoja. Watu wakalia. Mpaka leo wanalia. Wanasema siku ile ndo basketi ya miji midogo ilikufa na kumbukumbu zake zikafa. Mi naona wanalilia kaburi sio lenyewe.

Lakini ili ueleweke lazima useme kwanza kwanini basketi iliwashika wale watu kiasi kile, maana mchezo ulibuniwa na James Naismith kule Springfield, Massachusetts, mwaka 1891, sio Indiana. Jibu liko kwenye kata na kwenye mahindi. Indiana ina kata zaidi ya 1,000 na kila kata ilikuwa inaendesha shule zake, kwa hiyo kila baada ya maili chache unakuta sekondari ya watoto 60, 80, 120. Shule ya namna hiyo haiwezi kutoa timu ya futiboli ya Kimarekani, inataka watu 11 na wengine wa akiba wenye miili, ila watano wa basketi hawakosekani hata kijiji kiwe kidogo vipi. Afu msimu wenyewe unaanza Novemba mavuno yameisha unaisha Machi kabla kilimo hakijaanza, yaani unakaa sawasawa kwenye miezi ambayo mkulima hana la kufanya na usiku ni mrefu. Ringi ya chuma ukiipigilia ukutani kwa banda la ng'ombe inatosha. Mwaka 1938 shule zilizoingia kwenye mashindano zilikuwa 787 kwenye jimbo moja tu, na hilo jimbo unalivuka kwa gari kaskazini mpaka kusini ndani ya siku moja ukabaki na muda wa kupika.

Kwenye bahari hiyo ndo wakatokea Milan. Mwaka 1954 shule ya sekondari ya Milan ilikuwa na wanafunzi 161 wavulana kwa wasichana, mji wenyewe una watu 1,100 na kitu, kochi Marvin Wood alikuwa na miaka 26, na shule zilizoingia mwaka ule zilikuwa 751. Mwaka mmoja kabla walishafika mpaka hatua ya timu nne za mwisho, kwa hiyo hawakuwa watu wa kubahatisha, hapo hadithi nyingi zinawapunja. Tarehe 20 Machi kwenye ukumbi wa chuo cha Butler, watu kama 15,000 ndani, wanakutana na Muncie Central, shule yenye wanafunzi kama mara kumi yao na iliyokuwa imeshabeba kombe mara nne. Robo ya mwisho Milan wako nyuma 28 kwa 26 na kijana Bobby Plump akasimama katikati ya uwanja ameushika mpira, hadundi, hapasi, hakuna saa ya kumlazimisha kurusha enzi zile, amesimama tu. Dakika 4 na sekunde 13. Hebu jaribu kuhesabu hizo dakika nne ukiwa umekaa hapo ulipo. Timu iko nyuma na mtu ameshika mpira. Baadae wakasawazisha, ikafika 30 kwa 30, zimebaki sekunde 18 wakaomba mapumziko, wakarudi, wenzake wakamwachia upande mmoja wa uwanja peke yake, akasubiri, akaingia kidogo, akasimama, akarusha kama futi 15 hivi. 32 kwa 30. Kesho yake walivyorudi nyumbani inasemekana watu 40,000 walijaa kwenye mji wa watu 1,100. Leo ukipita pale tanki la maji la mji limeandikwa mabingwa wa jimbo 1954, na kwenye jengo la zamani mle mjini kuna jumba la makumbusho la timu ile.

Plump mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kupinga madaraja mwaka 1996, na hoja yake na wenzake inaeleweka, kwamba ukishawatenga wadogo na wakubwa umeua uwezekano wa Milan nyingine. Wana na ushahidi wa macho, viti vitupu. Wanasema angalia watu walivyopungua. Ni kweli wamepungua. Lakini fungua hesabu taratibu. Mwaka 1962 walioingia kutazama mashindano yale kwa ujumla walikuwa zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 1997, ule wa mwisho wa kapu moja, kabla daraja lolote halijaanza, walikuwa chini ya 800,000. Na shule? Zile 751 za mwaka wa Milan zilikuwa zimebaki 382. Unaona hizo namba zinavyotembea pamoja? Shule zimepungua nusu, watazamaji wamepungua nusu, na yote hayo yametokea chini ya mfumo ule ule wanaoulilia. Mgonjwa alikuwa ameshapoteza damu nusu mwili miaka 35, wao wanamshitaki aliyeingia wodini jana yake.

Kilichotokea katikati ni sheria ya mwaka 1959 ya kupanga upya shule za Indiana. Kata zikaambiwa ziungane, vishule vya watoto 80 vikafungwa, ikajengwa moja kubwa, mara nyingi katikati ya mashamba mahali ambapo sio mji wa mtu yeyote, ili wasigombane. Na majina yakawa ya dira. Nenda wilaya ya Ripley yenyewe ambako Milan ipo, utakuta South Ripley, yaani Ripley Kusini, utakuta Jac-Cen-Del ambalo ni vipande vya majina ya kata tatu, Jackson, Center na Delaware, vimeshonwa. Sina ubaya na shule hizo wala watoto wanaocheza pale wanaocheza kwa roho yao yote. Nasema tu kwamba Kiswahili kilishalisema jambo hili muda mrefu, mcheza kwao hutunzwa, na watu wengi tunalisikia hilo neno tunadaka kutunzwa tunaruka kwao. Uzito wote uko kwenye kwao. Yule mzee wa kituo cha mafuta aliacha taa kwa sababu basi lilikuwa linashukia mbele ya mlango wake. Basi likihamia maili 9 kule kwenye mahindi, hata kama watoto ni wale wale, taa haina wa kumwangazia.

Nataka kuwa mkweli hapa maana nshaona watu wanaifanya sheria ile kama wizi wa usiku. Haikuwa hivyo. Kwenye vishule vile unakuta mwalimu mmoja anafundisha hesabu, fizikia na ndo kochi, hakuna maabara, hakuna lugha ya pili, mtoto mwenye akili za udaktari anamaliza hajawahi kushika darubini. Siku moja nilimwambia mama haya malalamiko ya wazee akanisikiliza mpaka mwisho, alikuwa anakunja sare zake za kazi, akasema, "Mi nisingekutoa Tabora nikulete huku ukae shule isiyo na maabara kwa ajili ya mpira wa kurusha, hapana mwanangu." Sikuwa na jibu na mpaka leo sina jibu zuri. Mzazi akiwekewa mezani jimu na maabara atachagua maabara na atakuwa sahihi. Swali langu liko kwingine, kwanini iliwekwa kama lazima uchague moja.

Kwa sababu upo mfano wa kuonyesha haikuwa lazima, na ni mfano ambao watu wanaujua kwa sababu nyingine. French Lick na West Baden ni vimiji viwili vinavyopakana, ukitembea kwa miguu unatoka kimoja unaingia kingine hata hujachoka, na vilikuwa mahasimu wa basketi kweli kweli. Mwaka 1957 shule zao zikaunganishwa ikawa Springs Valley. Ungetegemea vita. Msimu wa kwanza tu, 1957-58, timu ile mpya ilikwenda bila kufungwa hata gemu moja mpaka timu nne za mwisho za jimbo lote. Watu wa miji miwili wakaanza kukaa benchi moja sababu walikuwa na cha kushangilia, na jimu ilikuwa pale pale bondeni kwao, hakuna aliyepelekwa porini. Miaka 16 baadae shule hiyo hiyo ikamaliza kijana mrefu wa French Lick anaitwa Larry Bird. Kwa hiyo kuunganisha peke yake hakuui. Kinachoua ni umbali, na kule kuchukua kitu cha watu wenye jina ukawarudishia kitu chenye uelekeo wa dira.

Au chukua Bedford North Lawrence, jina la dira hilo, shule ya mwaka 1974 iliyokusanya vishule vya wilaya. Mwaka 1990 walicheza fainali Indianapolis mbele ya watu 41,046, kwenye basketi ya sekondari Marekani hakujawahi kujaa hivyo, na Damon Bailey akafunga pointi 11 za mwisho za timu yake wakashinda 63 kwa 60. Jezi imeandikwa jina refu la shule. Ila muulize shabiki yeyote wa Indiana Bailey ni mtu wa wapi, hatakutajia jina la kwenye jezi, atakwambia Heltonville, kijiji ambacho sekondari yake ilishafungwa yeye akiwa bado mtoto mdogo. Ulimi wa watu unarudisha kijiji ambacho karatasi ilikifuta.

Kuna sehemu ya kumbukumbu hizi ambayo wanaozililia huwa wanairuka haraka, na mimi kama mweusi niliyevaa jezi ya mji wa wazungu siwezi kuiruka. Milan njiani kwenda kombe mwaka 1954 waliwatoa Crispus Attucks ya Indianapolis, 65 kwa 52, na Attucks walikuwa na kijana wa mwaka wa pili anaitwa Oscar Robertson. Attucks ilifunguliwa 1927 kama shule ya kuwatenga weusi, na mpaka 1942 haikuruhusiwa hata kuingia kwenye mashindano ya jimbo. Jimu yao ilikuwa ndogo haifai kwa mechi, wakawa timu ya ugenini kila siku ndani ya mji wao wenyewe. Mwaka 1955 wakachukua kombe, shule ya kwanza ya weusi watupu Marekani nzima kuchukua kombe la jimbo lililo wazi kwa shule zote, 1956 wakarudia bila kufungwa gemu hata moja, walishinda zote 31, na hilo lilikuwa halijawahi kufanywa na bingwa yeyote wa Indiana. Desturi ilikuwa bingwa anazungushwa na gari la zimamoto kwenye mnara wa katikati ya jiji na watu wanasherehekea pale pale. Attucks wakazungushwa, afu msafara ukaongozwa moja kwa moja kwenda kwenye bustani ya upande wa weusi, wakasherehekee huko. Robertson ameeleza wazi mpaka uzeeni kwamba lile lilimuumiza. Alikuwa ameliletea jiji lake kombe la kwanza la jimbo, jiji likamwonyesha kwamba sio kwao.

Kwa hiyo nikisema mcheza kwao hutunzwa najua pia kwamba kwao ni kitu watu wanaweza kukupa nusu. Yule mama wa tiketi alijifunza jina langu ndani ya wiki moja, alilitamka vizuri kuliko walimu, na mpaka leo namkumbuka kwa hilo. Kuna usiku tulicheza ugenini, mji siutaji, na juu kwenye viti mtu mzima na watoto wake wawili pembeni alikuwa ananiita neno kila nikigusa mpira. Refa kasikia, kanyamaza. Kilichonibaki ni kwamba mapumziko yalipofika wazee wetu wanne wale wa mito ya kukalia walinyanyuka, wakavuka uwanja na vijiti vyao vya kutembelea, wakaenda kukaa nyuma yake safu moja juu, hawakusema kitu, wakakaa tu mpaka gemu inaisha. Neno halikusikika tena. Najiuliza wangenyanyuka kama ningekuwa mtoto tu mweusi anayepita njiani bila jezi ya rangi zao. Sijui, na nadhani wao wenyewe wasingejua. Ila walinyanyuka, na walichonyanyukia ni hicho kitu ambacho kilikuwa bado kipo kwenye mji ule na kwenye miji mingine kilishafungwa kwa kufuli.

Na wasichana. Mashindano ya wavulana yalianza 1911, ya wasichana kutambuliwa rasmi na chama cha jimbo ni 1976, miaka 65 kati yake. Bibi mmoja pale kazini kwa mama alikuwa anarusha mpira kwenye ringi ya banda na kaka zake watatu, anasema alikuwa anawashinda wawili, na shuleni kazi aliyopewa ni kushangilia. Ukisikia enzi za dhahabu muulize na yeye.

Sasa turudi kwenye madaraja. Mi nimekuja kuyaunga mkono, na aliyenibadilisha ni mji wa Loogootee. Mji una watu hata 3,000 hawafiki. Jack Butcher alikulia pale, akacheza pale, akafundisha timu ile ile toka 1957 mpaka 2002, akashinda gemu 806 bila kuhama. Mwaka 1975, enzi ya kapu moja, akawafikisha fainali ya jimbo lote wakafungwa na Marion 58 kwa 46. Mwaka 2012, kocha mwingine, enzi ya madaraja, Loogootee wakachukua kombe la daraja la wadogo kabisa. Wapinzani wanasema kombe la daraja la chini sio kombe. Sawa, ongea hivyo na watoto waliolibeba. Mimi naona tofauti moja tu ya maana, kwamba Loogootee ya 1975 na Loogootee ya 2012 zote zilikuwa na kwao. Mfumo umebadilika, kombe limebadilika ukubwa, mji bado unajua mtoto huyu ni wa nani na babu yake alichezea namba gani. Hivyo kama kuna nguvu ya kulilia, na kuna mjadala wa kuunganisha shule ambao haujawahi kuisha kwenye majimbo ya mashamba, wazee wangu wa Indiana hiyo nguvu naomba msiimalizie kwenye kupinga madaraja manne. Ipelekeni kwenye mikutano ya bodi za shule siku ile wanaposoma ramani ya jengo jipya, mkaulize litakaa wapi, mtoto atatembea au atabebwa, na litaitwa nani.

Msimu wangu wa mwisho nilikuwa namsaidia mzee mmoja kuondoa theluji mlangoni, mke wake alikuwa ametangulia mwaka ule na mgongo wake hauruhusu tena koleo. Alikuwa amechezea sekondari ya kijiji chake kabla haijafungwa katikati ya miaka ya 60. Siku moja akaniuliza kama nataka kuona uwanja halisi, tukaingia kwenye pikapu yake tukaenda kama maili 7, tukakuta jengo la matofali meusi madirisha yamezibwa mbao. Mwenyewe wa sasa ni mkulima, analitumia kama stoo. Mzee alikuwa na ufunguo.

Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Magunia ya mbegu yamepangwa mpaka usawa wa kifua, trela la trekta limeegeshwa chini ya goli moja, ringi bado ipo haina wavu. Ukuta uko kama futi moja na nusu tu kutoka mstari wa mwisho, akanionyesha alama nyeusi za viatu kwenye matofali, kimo cha kiuno, akasema wenyeji walikuwa wanajua ukienda kufunga unapiga mguu wa pili ukutani unageuka, wageni walikuwa wanagonga. Walikuwa wanapigilia magodoro pale siku za gemu kubwa. Upande wa pili kuna jukwaa dogo la maigizo, ndo watu walikuwa wanakaa pale miguu inaning'inia uwanjani, na akanitajia waliokuwa wanakaa pale kwa majina, kuanzia kushoto, wengine na walichokuwa wamevaa.

Alikuwa anaongea huku anatembea kuelekea goli la pili, mkono mmoja kwenye magunia kujishikiza, mi nimemfuata nyuma. Karibu na katikati akapinda kulia ghafla, hatua mbili za pembeni, afu akarudi kwenye mstari wake akaendelea na hadithi. Nikadhani kuna shimo, nikaangalia chini, mbao nzima kabisa, zina vumbi tu. Nikamuuliza kwanini umezunguka hapo mzee? Akasimama, akageuka akaangalia sakafu kama na yeye ndo anaiona mara ya kwanza. "Hapo mpira haudundi," akasema. "Kuna boriti imelegea chini. Hatukuwa tunapita na mpira hapo."